Makapi Hayana Sauti

Mwajuma mwanangu,

Desturi ya barua ni kuulizana hali kwanza. Yako naijua. Mchana huu nimekuchungulia dirishani: umekaa kwenye jamvi, uso mweupe kwa liwa, wanakusinga, na shangazi yako Habiba anakugombeza utulie. Yangu si njema, na sitaki kukudanganya hata kwa mstari mmoja. Nimekaa karakanani juu ya gogo, Alasiri imeshapita, nimewafukuza wote waliokuja na chai na maneno ya kunipongeza. Mtu anapongezwa kwa kuondokewa na mtoto, lo! Dunia hii ina mambo.

Utakaposoma haya utakuwa umeshatoka Mbuchi. Nimemwagiza shangazi yako: mkishaipita ile kona yenye mikoko mirefu, akwambie uingie kwenye kile kijumba cha omo, mbele ya mashua, baba yako kakuachia kitu humo. Kwa hiyo sasa umo ndani. Teremsha komeo kama hujateremsha. Uwazi niliouacha juu ni wa hewa, lakini mwanga wake watosha kusomea. Hakuna atakayekugongea. Chumbani mtu hupigiwa hodi, jikoni hupigiwa hodi, chooni watu hungoja. Hiyo ndiyo heshima ya choo, na mimi nimechelewa sana kuijua.

Mambo ya kuishi na mume sikuandikii. Umefundwa na somo yako wiki nzima, tena kwa nyimbo ambazo nililazimika kwenda kukaa pwani nisizisikie. Mumeo, mwalimu, ni kijana mwema. Baba yake, mzee wetu wa Dimani, ni mtu wa haya na dini. Tangu amekuja kukuchukua hajainua macho kumtazama mwanamke yeyote wa nyumba hii. Sina neno nao. Mimi nakuandikia habari ya choo.

Cheka ukitaka. Hujacheka tangu Ijumaa.

Najua baba hazungumzi choo na binti yake. Hayo ni ya shangazi, ni ya somo. Kwa mdomo nisingeweza. Ningeanza, ningekohoa, ningeishia kukuuliza habari za kuku. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyejifunza kuandika ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, nimekaa benchi moja na mama yako naye akinicheka kwa herufi zangu. Yeye alijua kuandika "k" siku ya kwanza. Yangu mpaka leo inalala chali, kama uionavyo.

Nikwambie nilichokiona. Tangu jana adhuhuri hujanywa maji. Umepewa uji ukala vijiko viwili ukausukuma. Umekula muhogo wa kuchoma, mkavu, bila hata funda la chai. Unajifunga maji. Wanawake wa delta wote hujifunga hivyo kabla ya safari ya chombo, wala hakuna anayewafundisha. Msichana humwona mama yake, mama alimwona nyanya, basi. Siku nzima hawanywi, ili wasije wakabanwa katikati ya maji mbele za wanaume. Sisi tukibanwa tunasogea tezi, nyuma ya chombo, tunageuza mgongo, na hadithi tunaendelea nayo. Wao hufunga. Na tukifika tunawasifu kwamba ni wavumilivu.

La pili nililoliona si la jana. Lina miaka kumi na mitatu. Wewe hujawahi kumaliza kikombe cha maji tangu ulipokuwa na miaka sita. Unakunywa nusu, unasaza, unaweka chini. Watu husema Mwajuma ana adabu, anamsazia mgeni. Nami nikiulizwa nasema ndivyo alivyo tangu utotoni. Mimi najua kwa nini unasaza. Nimejua siku zote, nikanyamaza. Sasa unaondoka, na nikikuacha uende na mzigo huo Dimani nitakuwa sina tofauti na mtu aliyekutwisha kwa mikono yake.

Nianzie mbali kidogo. Moja kwa moja siwezi.

Mashua ya kwanza niliyojiundia mwenyewe, mama yako ndiye aliyenishikia kamba ya kupimia. Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni kwa mgao, mwanamke ana doti moja ya khanga, akiifua hatoki nje mpaka ikauke. Mashua ilipokaribia kwisha alikuja hapa hapa na sinia la chakula. Akaizunguka, akaipapasa, akasema, "Baba Mwajuma, imependeza. Ila na sisi tuwekee kipahali. Hata ubao mmoja tu wa kujikinga." Majahazi makubwa ya zamani yalikuwa na kisanduku cha choo kinachoning'inia tezi, nje ya ubavu, alikiona udogoni, na ndicho alichokuwa akikitaka, kidogo chake. Walikuwepo wanaume wanne wananisaidia kukalafati, kuziba nyufa za mbao kwa pamba. Nikacheka. Nikasema, "Msikieni huyu! Leo choo, kesho atataka jiko na sebule." Wakaangua kicheko wote. Na yeye akacheka, angefanya nini? Akajitwika sinia lake akaenda. Hakuniomba tena, na mimi nikajiona nimeshinda.

Sasa nikurukishe miaka. Biashara zikafunguliwa, mambo yakawa ruksa, uliona mwenyewe: wanunuzi wa kamba na masanduku yao ya barafu, mitumba, madumu ya plastiki ya kila rangi. Ndipo alipokuja yule mgeni tuliyemwita Bwana Tangi. Alitaka mashua ndogo ya tanga, futi ishirini na mbili, awachukue wageni wake kuangalia ndege na viboko. Na alitaka choo. Alitaja choo kabla hajataja tanga! Nikasema, "Ndiyo bwana, kitakuwepo." Papo hapo, na kamba ya kupimia nimeshaitoa mfukoni. Mama yako aliomba ubao mmoja nikamcheka mbele za watu. Mgeni kataka choo kizima nikamwitikia kama askari. Siku hiyo sikula. Wewe ulidhani naumwa ukaniletea maji ya mwarobaini, nikayanywa, nikaona ndiyo stahili yangu.

Wewe unakumbuka vurugu tu, na harufu. Lakini nataka ujue kile ulichokalia kimepatikanaje, maana si jambo la siku moja.

Bwana Tangi alikuja na kitabu cha picha, tukakaa nacho siku tatu. Njia ya kwanza ilikuwa choo cha kaure, kidogo, chenye pampu ya mkono: bomba moja lavuta maji ya nje, jingine lasukuma uchafu nje. Nikasema hii rahisi. Mimi niliyetumia maisha yangu kuziba matundu kwa pamba na mafuta ya papa, nikachukua keekee nikatoboa chombo kizima chini ya maji kwa mkono wangu. Kitabu kilionyesha bomba linapanda juu kwanza, juu ya usawa wa maji ya nje, ndipo linashuka. Nikaona ni mbwembwe za kuchora, nikalipitisha chini kwa chini, lililonyooka. Asubuhi mashua imeshiba! Imekunywa maji kupitia chooni usiku kucha, imebaki mlingoti. Ulikuja na ndoo, tukafua maji mpaka adhuhuri, na Bwana Tangi amesimama ukingoni anatutazama. Heri angenitukana.

Nikarekebisha, bomba nikalipandisha kama lilivyochorwa. Ikafanya kazi. Siku ya pili Mama Zena jirani akatoka pwani na ndoo yake kichwani, anapiga kelele tangu kule kwenye minazi, "Fundi wee! Mzungu wako anatuletea salamu!" Mto wetu si mto wa bara unaokwenda zake bila kugeuka nyuma. Maji ya hapa hupwa na hujaa, na ulichoyapa asubuhi yanakuletea alasiri mpaka penye gogo la kufulia. Nilikuwa nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na hilo sikulifikiria mpaka nilipoambiwa na mwanamke mwenye ndoo.

Basi likaja tangi lenyewe, pipa la plastiki chini ya sakafu, uchafu ubaki humo. Lilihifadhi, siwezi kulisingizia. Lakini harufu ilipenya kwenye ubavu wa bomba, na likijaa nusu uzito wake ulihama kila mashua ikilala, na pampu iliziba mara mbili nikaifungua kwa mikono hii; ulinikataza kuingia ndani, ukanisukumia chakula kwa ufagio. Nikamuuliza Bwana Tangi, kwenu likijaa mnafanyaje? Akasema bandarini kuna mashine, inanyonya. Nikamwambia, "Bwana, hapa Mbuchi atanyonya nani?" Kila siku mbili tatu ingebidi atoke mpaka bahari kuu kwenda kumwaga, na wageni wamekaa juu yake.

Hiki ulichokalia ni cha tatu. Kitabuni kilikuwa ukurasa wa mwisho, wanakifanya maskini wa huko: sanduku kavu, mkojo unakwenda kwake mbele kwenye dumu, na kikubwa kinabaki nyuma kwenye ndoo, kinafunikwa kwa vumbi la mbao. Vumbi la mbao ninalo nikiwa na kazi. Nisipokuwa na kazi je? Nikakumbuka makapi ya mpunga, vile vilima nyuma ya mashine ya kukoboa ambavyo watu wanavichoma tu. Nikajaza ndoo. Konzi moja ya makapi baada ya kila mtu, kifuniko, basi. Bwana Tangi akaingiza pua yake yote humo ndani, akatoka akasema, "Hakuna harufu." Akaniambia ng'oa pampu.

Nikajiona fundi. Nikatengeneza na sanduku la mashua yetu hii kwa kipimo kile kile, nikalijaribu, na kopo langu la maji mkononi kama mtu yeyote aliyelelewa. Mzungu anatumia karatasi, mwanangu. Sisi tunachamba. Kopo moja tu, makapi yote yakawa uji, na harufu iliyotoka humo nyuki wangehama. Hilo lilinisumbua kuliko pampu. Mwishowe nikarefusha kiti, nikaweka upande wa kushoto chanja la mbao, chini yake dumu la peke yake. Ndiyo maana ulipokaa ni parefu hivyo. Ukimaliza unasogea kushoto, unachamba, maji yanakwenda kwenye dumu lake. Kumwaga na kufukia ni kazi ya nahodha wenu Mzee Athumani, wala usijishughulishe. Anajua shimo liko wapi, mbali na visima.

Unaona navyozunguka. Nimeandika ukurasa mzima wa mabomba ili nisifike ninapokwenda.

Ulikuwa na miaka sita. Mpunga umeanza kukomaa, kijiji kizima kiko mashambani kinaamia ndege, hakuna mtu wa kukuachia. Mama yako aliharisha mchana na usiku kucha. Siku ya pili asubuhi macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Tukamtia kwenye mashua, ile ile aliyonishikia kamba, tumpeleke hospitali upande wa bara. Tulikuwa wanne: mama yako amelala kwenye jamvi katikati, wewe miguuni pake, mimi na pondo la kusukumia, na babu yako, baba yangu mimi, kwenye usukani. Na mtungi wa maji matamu, umejaa pomoni, umefungwa kwenye mlingoti, na kata ya kifuu juu yake.

Babu yako alikuwa mkwewe. Sasa unajua mkwe ni nini. Miaka yote ya ndoa yetu mama yako hakuwahi kutafuna kitu mbele ya yule mzee, wala kupita mbele yake bila kujitanda. Na leo amelazwa miguuni pake, anaumwa tumbo.

Hatujafika nusu ya njia maji yakapwa, tukapwelewa. Mashua imekaa kwenye tope la kumeza mtu mpaka kiunoni, mikoko pande zote, hakuna pa kushuka. Kungoja maji yajae ni mpaka alasiri. Nikateka kata moja nikampelekea. Akaitazama, akamtazama babu yako, akatikisa kichwa. Nikamwambia kunywa. Akasema kwa sauti ndogo, mzee asisikie, "Nikinywa yatatoka. Baba yupo."

Babu yako alielewa. Maskini yule mzee aligeuka akatazama nyuma, akavua shuka lake la begani akajifunika kichwa kizima, akakaa hivyo kwenye jua. Nikamwambia mama yako, "Haoni, mke wangu. Kunywa."

Akasema, "Hata asipoona, atasikia."

Hapo ndipo penyewe, Mwajuma. Mume mwenye akili angelifungua tanga akalifanya ukuta. Tanga lilikuwepo! Limekunjwa pale pale, nguo pana kuliko nyumba yetu, na mimi fundi wa vyombo sikuliona. Au nililiona. Miaka yote najiuliza. Ningeweza kuimba, nikapiga makasia kwenye ubavu, nikafanya kelele yoyote ya kumsitiri. Ninachokijua kwa yakini ni hiki: alipokataa ile kata, nilipumua. Nilishukuru. Maana na mimi sikutaka baba yangu asikie. Mke wangu alikuwa akifa mbele yangu, na mimi namwonea aibu. Nikamwambia, "Vumilia, tutafika." Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye hakuficha peke yake, tulimsaidia kuficha.

Kata ilikuwa bado mkononi mwangu. Ukasema, "Baba, mimi nina kiu." Nikakupa. Ukanywa yote, mtoto wa watu, na jua lile, ukailamba kata. Mama yako alikuwa akikuangalia, na alitabasamu. Hilo sikuongezei. Mungu ni shahidi wangu, alitabasamu kukuona unakunywa.

Maji yalijaa tukaondoka. Tulifika naye akiwa hai, hakumaliza saa nzima. Nesi akaniuliza, wala hakuuliza kwa ubaya, "Njiani alikuwa akinywa maji?" Mbele yangu kuna mwanamke wa watu na koti lake jeupe, nyuma yangu yupo baba yangu. Nimwambie nini? Kwamba alikataa kwa sababu yetu? Nikasema, "Maji yalituishia njiani."

Babu yako alinitazama. Alikwenda kaburini hajamwambia mtu.

Uongo ukishasemwa mara moja una miguu yake. Ukarudi nasi Mbuchi, ukakaa matangani na watu. Siku ya tatu shangazi yako alikuwa akiwaeleza wanawake, anarudia niliyomwambia: maji yaliwaishia njiani, jua kali, kudra ya Mungu. Ukasimama katikati yao. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa makuti, nakusikia kama uko mapajani pangu. Ukasema, "Niliyanywa mimi."

Mmoja wao akasema, "Masikini, mtoto hana kosa." Hana kosa! Maana yake wamekubali kwamba ni wewe. Ilikuwa niinuke. Hatua tatu tu, nipite mlangoni, nikunyanyue niseme mbele ya wote. Nikainamisha kichwa, nikavuta tasbihi. Kesho yake ukapewa maji ukasaza nusu kikombe, ukasema ni ya mama. Keshokutwa ukasaza, hukusema ya nani. Na hujaacha mpaka leo.

Nimekulea vizuri, watu wanasema. Sikuoa tena, wakanisifu kwa hilo pia. Kumbe nilikuwa nimemwacha mtoto wa miaka sita abebe kosa la wanaume wawili wazima, kwa kuwa yeye alikuwa radhi kulibeba na mimi sikuwa radhi. Kila ukisaza kikombe mbele yangu nimeona, mwanangu. Hakuna kikombe hata kimoja kilichonipita.

Nilipomaliza choo cha mashua hii niliweka pazia kwanza. Nikaliondoa, pazia hupeperuka. Nikaweka mlango, bawaba, komeo kwa ndani. Halafu nikakaa humo, nikafunga, nikasikiliza. Nikamwaga maji kwenye ndoo tupu ili nijue anayekaa tezi atasikia nini. Kusikia! Atasikia kila kitu. Nikaweka makapi ndani ya ndoo, chini, vidole vinne, nikaweka na ndani ya dumu la mbele, nikamwaga tena. Kimya. Makapi hayana sauti, Mwajuma. Yalikuwepo siku zote nyuma ya mashine, bure, tunayachoma. Nililia humo mpaka ukaja ukaniuliza kwa nje, "Baba, uko salama?" Nikakujibu kwamba najaribu mlango.

Asubuhi hii nilimwita mkweo kando, kabla hajanywa chai. Nikamwambia, "Mzee, binti yangu atakunywa maji njiani. Na akinywa ataingia pale omo, mara moja au mara tano. Nakuomba usigeuke wala usijifunike. Kaa kama kawaida, zungumza na watu." Aliinama, akachorachora mchanga kwa fimbo yake. Kisha akaniambia, "Fundi, mama yake mwalimu naye hujifunga tukisafiri. Miaka thelathini. Sijawahi kumuuliza." Akaomba nimwonyeshe makapi. Tumekwenda wote, wazee wawili tumepiga magoti chooni tunapima vidole vinne.

Msamaha sikuombi leo. Ukinisamehe leo utakuwa umenisamehe kwa adabu, na adabu ya namna hiyo nimeshaiona inavyoua. Kasirika kwanza. Kaa Dimani mwaka, miwili, usiniandikie. Siku ukitaka kunijia na maneno makali njoo nayo yote, usisaze. Nikiwa nimekufa, yaseme kaburini, nitayajua.

Nyumba itakuwa kubwa kwangu. Sijui nani atanisukumia chakula kwa ufagio.

Sasa jipanguse, fungua komeo, toka. Chini ya mlingoti kuna mtungi. Ni ule ule wa siku ile. Ulikuwa darini, sikuwahi kuutumia wala kuuvunja. Nimeujaza mwenyewe maji matamu na kikombe nimekifunikia juu yake. Mkweo atakuwa amekaa tezi anazungumza na watu, maana ameniahidi.

Siku ile, ulipokuwa umelala mapajani pa babu yako pale hospitali, nilirudi mashuani peke yangu nikidai nafuata jamvi. Nilikwenda kuufungua mtungi kwenye mlingoti. Ulikuwa mzito, nilihitaji mikono miwili. Nikaumwaga wote mtoni kabla mtu hajauona, na ulichukua muda kwisha. Ulikuwa umepungua kata moja tu, Mwajuma. Ile yako.

Kunywa, mama. Kunywa mpaka uone chini ya kikombe.

Baba yako